Mwandishi Akisema Ametishiwa, Usimjibu "Anatafuta Kiki"

Mwandishi wa habari anaeleza mtandaoni kwamba ametumiwa ujumbe wa kuuawa. Soma maoni yaliyo chini yake. Mmoja anacheka, wa pili anasema "anatafuta kiki", wa tatu anauliza analipwa na chama gani. Hakuna aliyeuliza tishio limetoka wapi.

Malta wameona mahali mchezo huu unakoishia. Ni nchi ya visiwa katika Mediterania, watu wake kama nusu milioni, na vyama vyake vikubwa viwili, Labour na Nationalist, kila kimoja kina televisheni yake. Hapo mtu anaweza kula habari za chama chake tangu utoto hadi uzee. Mwandishi wa habari Daphne Caruana Galizia alifichua ufisadi wa wakubwa kwenye blogu yake, na waliokerwa wakambandika jina la "mchawi wa Bidnija", kijiji alichoishi. Nyumba yake ilichomwa moto, mbwa wake akachinjwa, na dhihaka hazikukoma. Tarehe 16 Oktoba 2017 bomu lililotegwa ndani ya gari lake lilimuua akiwa na miaka 53. Uchunguzi wa umma uliotoa ripoti mwaka 2021 ulisema dola inabeba lawama kwa kuacha wahalifu wajione hawaguswi, na ulitaja pia kampeni ya kumvua utu wake.

Jina hilo la uchawi ndilo linalonisumbua zaidi. Mtu akishaitwa mchawi, anayemwinda haoni kama anawinda binadamu, na majirani hawaoni haja ya kupiga kelele. Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbua usaha. Naye mwandishi aliyechekwa mara moja, tishio la pili hulificha kwa aibu, na hilo la pili huenda ndilo la kweli.

Sisi Watanzania tulimzika Daudi Mwangosi, mwandishi wa televisheni ya Channel Ten, aliyeuawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini kwenye shughuli ya chama cha siasa. Kwa hiyo hatuna sababu ya kudhani mambo haya ni ya ng'ambo.

Ukitishiwa, usifute ujumbe. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, mjulishe mhariri wako, kisha nenda polisi na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtisha mtu kwa njia ya kielektroniki, hivyo huombi hisani.

Wahariri wa vyombo vya upande wa pili, nawasihi: tishio dhidi ya mwandishi msiyempenda liandikeni kama habari ya uhalifu. Mpigieni simu mwandishi huyo, waulizeni polisi wamefikia wapi, na wiki inayofuata waulizeni tena.