Ngazi ya boti ishuke kabla hujaruka majini

Msimu wa kuogelea ukianza, lalamiko hurudi lile lile: kwa nini boti ndogo ya injini, yenye jaketi okozi za kutosha na kizima moto, inanyimwa kibali kwa sababu ya ngazi tu? Mara nyingi sisi wakaguzi wa boti ngazi yenyewe tumeikuta imefungwa chini ya kiti, na aliye majini haifikii. Tunachopima ni kama mtu aliye majini peke yake ataishusha na kupanda bila wa kumvuta. Sharti hili hatukulitunga sisi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umeliandika katika Agizo la 2013/53/EU la boti za burudani.

Wengi hutujibu kwamba wanajua kuogelea. Ndugu zetu, kuogelea ni jambo moja na kupanda boti ni jingine. Ukining'inia ukingoni, miguu huvutwa chini ya boti kwa sababu ubavu umepinda kuelekea mkukuni, yaani uti wa chini wa boti. Kifua kinagandamana na ubavu, miguu haina pa kukanyaga, na mikono peke yake inabeba mwili unaozidi kuwa mzito kadiri unavyotoka majini. Ukishindwa mara ya kwanza, mara ya pili nguvu zimepungua. Ya tatu vidole havishiki tena. Maji yakiwa baridi, hali hiyo hufika mapema zaidi.

Kabla mtu hajaingia majini, zima injini na uchomoe ufunguo. Kuiweka nyutro hakutoshi kabisa: propela inaweza kuendelea kuzunguka polepole, na goti la abiria likigusa mkono wa gia, boti inaondoka. Tena moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hukusanyika tezini, yaani nyuma ya boti, pale pale anapopandia mwogeleaji. Nanga ifungwe omo, yaani mbele ya boti. Abaki ndani mtu anayejua kuendesha, maana boti tupu ikisukumwa na upepo huweza kumwacha hata mwogeleaji mzuri. Nyuma tupa kamba inayoelea ya mita 15 hadi 20 yenye boya mwishoni.

Ngazi ikishushwa, kipandio cha chini kiwe sentimita 50 hadi 60 ndani ya maji. Kikiwa juu zaidi, mtu hulazimika kuinua goti hadi kifuani huku amechoka, na wengi hukwama hapo. Ngazi ishikwe kwa bolti zilizopenya hadi upande wa pili na kukazwa kwa nati. Skrubu za kufungia mbao hung'oka. Juu yake kuwe na kishikio imara cha mkono. Katika boti nyembamba, ifungwe tezini, kando ya injini, kwa kuwa mtu mzima akipandia ubavuni huweza kuipindua boti. Ikibidi kupandia ubavuni, waliomo wakae upande wa pili.

Asiye na ngazi atengeneze kitanzi cha kamba nene, milimita 12 au zaidi, kwa fundo lisilojikaza. Ncha ifungwe kwenye chuma imara cha boti, na kitanzi kining'inie sentimita 40 hivi chini ya maji. Kamba tupu hujifunga ukiikanyaga na kukimbilia chini ya boti pamoja na mguu wako. Kwa hiyo pitisha kipande cha bomba la plastiki mahali pa kukanyagia. Vitanzi viwili vya urefu tofauti ni bora kuliko kimoja.

Kwa kupanda, shika ukingo kwa mikono miwili, piga miguu hadi mwili ulale juu ya maji, kisha jisukume mbele na ulalie tumbo ukingoni. Usijaribu kusimama, jiviringishe ndani. Bamba lililo juu ya propela linaweza kukanyagwa iwapo tu injini imezimwa na ufunguo umechomolewa. Kumwinua mtu kwa mota ya kunyanyulia injini hatukubali hata kidogo.

Anayesaidia asivute viganja. Amshike mwenzake makwapani au kwenye mabega ya jaketi, wahesabu pamoja, amshushe kidogo majini mara mbili, na ya tatu amvute wakati maji yanamsukuma juu. Aliyekaa majini muda mrefu avutwe akiwa amelala kadiri inavyowezekana, kwani akisimamishwa wima shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi hushusha ngazi akiwa majini, hupima kina cha kipandio cha chini, hukanyaga kila kipandio kwa uzito wote, kisha hupanda akiwa amevaa jaketi. Kikishindikana kimoja, dosari huandikwa kwenye fomu, mwenye boti hutia saini na kibali husubiri ukaguzi wa pili. Kutia saini si kukiri kosa. Lakini kutumia boti kabla ya ukaguzi huo ni kosa jingine, na huandikwa peke yake.

Ukitaka kujipima mapema nyumbani, fanya hivyo mahali ambapo miguu haifiki chini, kukiwa na mwenzako ndani ya boti na jaketi mwilini.