Mipaka ya maeneobunge inahesabu watu, mpaka mtoto aliyezaliwa jana

Kila nikisimama mbele ya watu kueleza mambo ya mipaka, iwe ni kwa ukumbi wa kanisa ama chini ya mwembe kwa chifu, swali la kwanza ni lile lile: "Sisi huku tumejiandikisha kura wengi kuliko wale wa pale, mbona wao wana wabunge wawili na sisi mmoja?" Na mimi kabla hata sijafungua ramani huwa nawaambia hivi, eneobunge halihesabiwi kwa kadi za kura, linahesabiwa kwa watu. Mtoto wa siku tatu yumo. Nyanya ambaye ameacha kupiga kura miaka mingi yumo, kijana wa 17 yumo, na yule ambaye hajawahi kuchukua kitambulisho pia yumo, bora tu usiku wa sensa alihesabiwa.

Hii kitu wengi hawaijui na inaniuma, manake siku ya sensa mtu anafunga mlango ama anasema "mimi nitahesabiwa ushago, kijijini kwetu", halafu kule ushago nao wanasema huyo yuko mjini, mwisho wa siku hayuko kokote. Akija miaka mitano baadaye kulalamika kwamba wadi yao ni kubwa mno na bursary haitoshi, mimi nakumbuka ule mlango uliofungwa.

Sasa hebu tufanye hesabu pamoja, si ngumu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 89, inasema maeneobunge ni 290. Si 289, si 300, na bunge haliwezi kuamka siku moja likaongeza kwa sheria ya kawaida, mpaka Katiba yenyewe ibadilishwe. (Mnakumbuka BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, ulitaka kuongeza 70? Mahakama ya Juu mwezi Machi 2022 ikasema ile sehemu ya kugawa hayo 70 haikupitia kwa wananchi, basi ikaishia hapo.) Unachukua watu wote wa sensa unagawa kwa 290. Sensa ya 2009 ilipata watu 38,610,097, ukigawa unapata 133,138, na hiyo ndo namba iliyotumika kuchora mipaka tuliyo nayo mpaka leo. Sensa ya 2019 ilipata 47,564,296, ukigawa unapata kama 164,015. Hiyo inaitwa kiwango cha wastani, yaani eneobunge la kawaida lingekuwa na watu karibu hao.

Lakini Katiba haikusema kila eneobunge liwe na watu 164,015 kamili, hiyo haiwezekani, watu si mchele upime kwa kibaba. Imeruhusu kupanda au kushuka: mijini na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika unaweza kwenda asilimia 40 juu au chini, kwingine kote asilimia 30. Kwa hesabu ya 2019 ina maana jiji linaweza kuwa na eneobunge la watu karibu 229,600, na kule nyika kavu likawa na watu 98,400 hivi, na yote mawili yako ndani ya sheria.

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu, ngoja niwaonyeshe kitu. Chukueni kaunti sita za Pwani, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, jumlisha watu wote wa sensa ya 2019, unapata karibu milioni 4.33. Nairobi peke yake ni milioni 4.4. Yaani ni karibu sawa. Pwani ina wabunge 26 wa maeneobunge, Nairobi ina 17. Ukisikia hivyo unasema basi sisi wapwani tumependelewa, lakini gawa milioni 4.33 kwa ule wastani, utapata 26 na kidogo, maana yake Pwani kwa ujumla imepata haki yake barabara, ni Nairobi ndo imebanwa, kwa hesabu kavu ingefika 26 na zaidi.

Sasa ingia ndani ya hiyo Pwani yenyewe. Kilifi ina watu 1,453,787 na maeneobunge saba, hesabu inasema ingekaribia tisa. Mombasa ina sita, hesabu inasema saba na kitu. Taita Taveta ina watu 340,671 na maeneobunge manne, hesabu inasema mawili tu. Tana River ina matatu, hesabu inasema karibu mawili. Lamu ina watu 143,920, kaunti nzima haifiki hata eneobunge moja la wastani, na ina mawili. Kwa hivyo ugomvi mwingi tunaosikia wa Pwani na bara ukiuangalia vizuri ni ugomvi wa Kilifi na Taita, na hilo wanasiasa hawalisemi jukwaani.

Na kabla hujasema Lamu inyang'anywe moja, fikiria Lamu Mashariki ilivyo. Sensa ya 2019 ilihesabu kama watu elfu 22 pale. Mtu wa Nairobi anacheka, anasema hiyo ni mitaa miwili ya kwetu Embakasi. Lakini pale una Faza na Kizingitini kwenye kisiwa cha Pate, una Kiunga juu kabisa karibu na mpaka wa Somalia, una Basuba ndani ya msitu wa Boni. Mgonjwa akitoka Faza anapanda boti, na boti inangoja maji yajae, ukikosa maji unalala. Kusi ikivuma kwa nguvu hata nahodha anasema leo hapana. Mbunge wa pale kuzunguka eneo lake mara moja ni safari ya siku kadhaa na mafuta ya boti, wakati mwenzake wa jijini anazunguka lake kwa bodaboda asubuhi na mchana amemaliza. Kifungu cha 89 kinataja hayo wazi: umbo la nchi na miji, watu wenye maslahi ya pamoja na historia na uchumi na utamaduni mmoja, na njia za mawasiliano. Mimi naamini Lamu Mashariki ina hoja. Lakini pia nasema ukweli, watu elfu 22 wako chini sana hata ya ile asilimia 40.

Imesalimika vipi basi? Katiba ilipopita kulikuwa na kipengele cha mpito kilichosema mapitio ya kwanza ya mipaka yasiue eneobunge lolote lililokuwepo. Kwa hivyo 2012 tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, ilipotoka kwenye maeneobunge 210 ikaongeza 80, ikakuta kuna 27 ambayo hayakufikisha idadi, Lamu Mashariki ikiwemo, yakalindwa. Ulinzi ule ulikuwa wa mara moja tu. Mapitio yanayofuata hayana hiyo ngao, na watu wengi wa yale maeneo hawajaambiwa.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi, tusijidanganye. Tulianza na viti 117 mwaka 1963, ikaja 158, ikaja 188, ikaja 210 uchaguzi wa 1997, na kila mara anayechora alikuwa karibu sana na anayetawala. Tume ya Kriegler iliyochunguza uchaguzi wa 2007 ilisema wazi kwamba tofauti kati ya eneobunge na eneobunge zilikuwa kubwa mno, Embakasi moja ilikuwa na watu ambao kwingine wangekuwa na wabunge chungu nzima. Ndo hiyo Embakasi 2012 ikakatwa vipande vitano. Huku Pwani Changamwe ikazaa Jomvu, Kisauni ikazaa Nyali, Kaloleni ikazaa Rabai, Bahari ikawa Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini, Msambweni ikatoa Lunga Lunga.

Kuhusu muda, mapitio yanafaa kufanywa si chini ya miaka 8 na si zaidi ya 12. Ya mwisho yalitoka Machi 2012, kwa hivyo miaka 12 iliisha Machi 2024, na wakati huo tume haikuwa na makamishna hata mmoja, wapya waliapishwa Julai 2025. Na kuna sharti lingine, mapitio lazima yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, yakichelewa hiyo mipaka mipya haitumiki kwa uchaguzi huo. Uchaguzi ni Agosti 2027, hesabu mwenyewe kurudi nyuma.

Mpaka wa kaunti haumo kwa hii kazi, kaunti 47 zinabaki 47, kwa hivyo Kilifi haiwezi kuokota kata ya Tana River ili ijaze hesabu. Seneta na mwakilishi wa wanawake hawaguswi. Urais pia, kura yako ya rais ni moja popote ulipo. Kinachoguswa ni mbunge wako, MCA wako (mwakilishi wa wadi), na ile pesa ya maendeleo ya eneobunge ambayo sehemu yake kubwa hugawanywa sawa bila kuangalia mko wangapi, na hapo ndo utaelewa kwa nini watu wanatoana jasho.

Nakumbuka kikao kimoja huko bara ya Kilifi. Mwanasiasa mmoja alileta vijana kwa lori mbili tatu, wakapiga kelele, wakatoa karatasi ndefu inayosema ukoo huu na ukoo ule. Tukaipokea. Halafu mzee mmoja wa kofia, hakuwa na karatasi yoyote, akaomba ramani ilazwe mezani. Akaweka kidole kwenye laini nyembamba ya bluu, akasema, "Mwanangu, huu mto kwenye karatasi ni uzi, lakini mwezi wa tano unafunika daraja. Sisi mnada wetu uko upande huu, zahanati upande huu, ng'ombe tunanywesha upande huu, nyinyi mmetutia upande ule, sasa huyo mbunge atatufikia kwa ndege?" Aliyekuwa akiandika akaandika jina la mto, jina la daraja na mwezi linapofunikwa. Ile ni hoja. Inaingia moja kwa moja kwenye "njia za mawasiliano" na "maslahi ya pamoja", na mtu akienda mahakamani inasimama.

Manake mahakamani pia unaweza kwenda. Baada ya tangazo kuchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali una siku 30 za kupeleka kesi Mahakama Kuu, na kesi iamuliwe ndani ya miezi mitatu. 2012 zilifika zaidi ya mia moja, majaji watano wakakaa kuzisikiza, na sehemu kadhaa zikarekebishwa.

Kwa hivyo ripoti ya awali ya tume kuhusu mipaka ikitoka msingoje mheshimiwa awaite. Tafuteni ramani ya wadi yenu, kaeni wazee na kina mama na wale vijana wa boda wanaojua kila njia, andikeni mto gani, soko gani, watoto wanavuka wapi kwenda shule, nauli ni pesa ngapi mpaka ofisi ya mbunge upande huu na upande ule. Ukurasa mmoja unatosha.