Yungiyungi: litambue kwa jani lake

Yungiyungi ni ua la majini. Kiazi chake kimejichimbia topeni, majani yanaelea, na kila ua husimama juu ya kikonyo chake lenyewe. Jina hili, bahati mbaya, limekuwa la kila ua linalopendeza ziwani. Anayekwambia Ziwa Victoria limejaa mayungiyungi ya zambarau aghalabu ameona magugumaji, mmea wa Amerika Kusini ulioingia humo mwishoni mwa miaka ya 1980. Gugumaji halishiki topeni. Husukumwa na upepo, vikonyo vyake vimevimba kama vichupa, na maua hujipanga kadhaa kwenye shuke moja. Wala yungiyungi si ile nyinyoro ya mabondeni inayotajwa katika Biblia, kitabu cha Wimbo Ulio Bora.

Mimi huanza na jani, ua baadaye. Jani la yungiyungi ni duara lenye mwanya kutoka ukingoni hadi kwenye kikonyo, mithili ya ungo uliopasuka upande mmoja. Lotasi ya Asia, ua jingine la majini linalofananishwa nalo, haina mwanya huo, na majani yake mengi huinuka juu ya maji. Kata kikonyo cha yungiyungi utazame ndani: matundu matupu yamepangana kama mirija. Humo ndimo hewa hushukia hadi topeni.

Aina mbili za asili zimeenea sana Afrika. La bluu hufunguka asubuhi na kufumba alasiri. Jeupe, ambalo majani yake yana meno ukingoni, huchanua usiku, kwa hiyo anayepita mchana huliona limefumba akadhani limekufa.

Wamisri wa kale walilichora la bluu makaburini, na petali zake zilikutwa kwenye mashada ya maua ya mfalme wao Tutankhamun. Kwingine yungiyungi ni chakula zaidi kuliko pambo. Kiazi huchemshwa au kuchomwa, na wakati wa njaa hukaushwa na kusagwa unga. Huko Okavango, Botswana, hukiita tswii na kukipika pamoja na nyama. Mbegu nazo huliwa, ila anayezitaka asifuate maua yaliyochanua. Ua likishachavushwa, kikonyo hujikunja na kulivuta chini, na tunda likaivia majini. Ni kupapasa kwa mkono.