Unakatwa kila mwezi, lakini tawi lako unalijua?

Mei Mosi ikikaribia, swali la kwanza ofisini kwetu, ofisi ya wilaya ya Chama cha Walimu Tanzania, ni la fulana. Fulana zikishagawiwa linakuja la pili, na siku hizi tunalisikia zaidi: "Hayo makato ya chama yananisaidia nini?" Ni swali la haki kabisa. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 800,000 anayekichangia chama chetu asilimia 2 hukatwa 16,000 kwa mwezi, yaani 192,000 kwa mwaka.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, simtaji jina wala shule, alitujia na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na slipu zake za mshahara za miaka sita, makato ya chama yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Chini kabisa ilikuwepo hati ya mashtaka ya utoro kazini, imekunjwa mara nne, na siku za kujibu zilikuwa zimeshapita. Alisema alikuwa amelazwa, nami nilimwamini, ila karatasi ya ED, ile ya hospitali ya kuruhusiwa kutokwenda kazini, aliikabidhi shuleni bila kubaki na nakala. Nilipomuuliza mwakilishi wa chama shuleni kwake ni nani, hakumjua.

Walimu wenzangu, hati ya mashtaka inaletwa kwako, haiji kwetu. Hakuna anayetupigia simu kutuambia mwanachama wetu ameshtakiwa. Siku za kujibu zimeandikwa kwenye hati yenyewe. Ukiipokea asubuhi, jioni mwakilishi wa tawi awe ameiona. Utetezi usipopelekwa, mamlaka ya nidhamu huendelea na ushahidi ilionao, na adhabu inaweza kufika hadi kufukuzwa kazi. Rufaa ipo: uamuzi wa wilaya unakatiwa rufaa Tume ya Utumishi wa Walimu makao makuu, na kutoka hapo kwa Rais. Lakini ni kazi ngumu kumtetea kwenye rufaa mtu ambaye mwanzoni hakuandika hata mstari mmoja.

Madai ya fedha nayo yanataka karatasi. "Nadai malimbikizo" ni malalamiko tu, hayajawa dai. Tuletee barua ya kupandishwa daraja, slipu ya mwezi uliotangulia na ya mwezi mshahara uliporekebishwa, cheki namba (namba yako ya utumishi), na nakala ya barua uliyomwandikia Mkurugenzi wa halmashauri ikiwa na muhuri wa masjala kuonyesha imepokelewa. Muhuri huo wengi wanausahau. Bila huo, tukifika kwa Afisa Utumishi tunaambiwa hakuna kilicholetwa, na hatuna la kujibu. Kwa uhamisho, angalia kwanza kama barua yako inasema umehamishwa kwa maombi yako mwenyewe. Kama ndivyo, usitegemee malipo ya uhamisho.

Kuhusu makato yenyewe, mengi yanayosemwa vijiweni si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamtaka mwajiri akukate ada ukishamruhusu kwa fomu, ile ya TUF 6. Fedha azipeleke chamani ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, pamoja na orodha ya majina. Akichelewesha bila sababu ya msingi anadaiwa asilimia 5 ya fedha hizo kwa kila siku. Kwa mfano, shilingi milioni moja ikicheleweshwa siku kumi, anaongeza laki tano.

Kujitoa ni haki yako, na hatumzuii mtu. Unaandika notisi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama, wote wawili. Ujumbe wa WhatsApp kwenye kundi la shule si notisi. Barua iliyoishia kwenye droo ya mwalimu mkuu haikufika kwa mwajiri.

Wapo pia wanaolalamika kukatwa bila kujaza fomu. Kifungu cha 72 cha sheria hiyo kinaruhusu ada ya uwakala, anayokatwa asiye mwanachama, mahali ambapo chama kinawakilisha walio wengi, kwa sababu mkataba ambao chama kinaupata kwa mwajiri unamfaidisha hata yeye. Ada hiyo haizidi ya mwanachama, hukaa kwenye akaunti yake pekee, na ni marufuku kupelekwa kwa chama cha siasa. Lakini haikufanyi mwanachama: hupigi kura tawini wala hugombei. Kama tayari unakatwa hivyo, jaza fomu upate na sauti.

Mwalimu wa bahasha ya kaki tulimsaidia kuomba aongezewe muda, na nakala ya ED ikapatikana kwenye jalada la shule. Utetezi wake umepokelewa. Uamuzi bado haujatoka.