Kumisi: injini ya rotari inapokosa pigo

Ami yangu anakaa Mbweni ya Unguja, karibu na bahari kiasi cha kusikia maji yakijaa usiku. Uani kwake, chini ya mwembe, ana Mazda RX-7 ya 1982 ambayo anaipenda kama mtoto wa mwisho. Mwezi wa Aprili, masika yameshika, akanipigia simu asubuhi.

"Mwanangu, ile gari inamisi tena."

"Haiwaki kabisa, ami, au inawaka na kutetemeka?"

"Inawaka. Inatetemeka kama mwenye homa. Lakini ikifika adhuhuri, jua likishapiga, inatulia yenyewe."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa muhimu kuliko yote, na mafundi wawili walioiona gari kabla yangu hawakuwahi kumuuliza. Nitayarudia. Kwanza tuliangalie neno lenyewe, maana tunalisema kila siku gerejini na kila mtu analipa maana yake.

Kumisi ni kukosa, na kinachokosekana ni mwako. Injini ya petroli inaishi kwa miwako midogo inayofuatana: hewa iliyochanganyika na petroli inaingia chumbani, inabanwa, inapigwa cheche, inawaka na kusukuma. Mwako mmoja usipotokea, au ukatokea nusunusu, hapo injini imemisi. Aliyezoea kukaa kwenye taarabu anaijua hali hii bila ya kufundishwa. Mpiga dumbaki akiruka pigo moja, hata asiyejua muziki atageuza shingo.

Kwa hiyo misi ni dalili, kama homa. Fundi akikwambia "ugonjwa wa gari yako ni misi" bado hajakwambia kitu. Mwako unataka mambo matatu yakutane: mafuta na hewa kwa kipimo chake, kompresheni (mbano wa chumbani) ya kutosha, na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Kazi ya kutafuta misi ni kujua lipi kati ya hayo halikufika, na halikufika katika chumba gani.

Katika injini ya pistoni swali la chumba gani ni jepesi, silinda nne ni vyumba vinne na kila kimoja kina plagi yake. Rotari ina mambo mengine. Injini hii aliibuni Mjerumani, Felix Wankel, na kampuni ya NSU iliiwasha ya kwanza ya majaribio 1957. Mazda waliitia katika Cosmo Sport 1967, na RX-7 ikaja 1978. Ndani yake hamna pistoni wala valvu. Kuna rota ya pembe tatu zenye pande zilizotuna, mfano wa sambusa iliyoshiba, inayozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kila uso wa rota unafanya chumba na ukuta wa nyumba, na chumba hicho kinatembea: kinavuta, kinabana, kinawaka, kinatoa moshi, huku kikizunguka. Rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti, chuma kinachotoa nguvu ya injini, inakuwa imemaliza mitatu.

Injini ya ami ni ile inayoitwa 12A. Ina rota mbili, kila moja cc 573, jumla cc 1146. Sasa hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayokufundisha kusikiliza. Kila rota inatoa mwako mmoja kwa kila mzunguko wa shafti. Injini ikikaa kwenye sailensa, yaani inawaka bila ya kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 900 kwa dakika, kila rota inawaka mara 15 kwa sekunde, na kila uso wa rota mara 5. Rota nzima ikifa, nusu ya mapigo yanapotea na gari inatikisika mpaka usukani. Uso mmoja tu ukiwa mbovu, linapotea pigo moja katika kila matatu ya rota ile, na sauti inachechemea kwa utaratibu, tena na tena, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Misi ya cheche haina utaratibu huo. Inakuja, inapotea, inarudi mbili mfululizo, inatulia.

Jambo la pili ni plagi. Kila rota ina plagi mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini inatangulia kutoa cheche, ya juu inafuata baada ya muda mdogo. Chumba cha rotari ni kirefu na chembamba na hakitulii mahali, kwa hiyo moto wa plagi moja hauwahi kukimaliza chote. Ya chini ndiyo inayobeba kazi kubwa. Ya juu inasaidia kumalizia. Plagi ya juu ikifa, gari inakwenda, nguvu inapungua kidogo na mafuta yanaliwa zaidi, na dereva anaweza asijue kwa muda mrefu. Ya chini ikifa, ya juu inajitahidi peke yake: gari inawaka, inasogea, lakini kwenye sailensa inatetemeka na ukikanyaga inasita. Hapo ndipo rotari inapowapoteza mafundi waliozoea silinda. Rota haikufa, imebaki na moto nusu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ami. Fundi wa kwanza alichomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, akaona cheche, akasema upande wa moto ni mzima, tatizo ni kabureta. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ikafunguliwa, jeti zake (vitundu vya kupitishia petroli) zikasafishwa, ikarudishwa. Misi ikabaki palepale. Wa pili akabadilisha plagi zote nne. Misi ikabaki. Pesa zimetoka, na hakuna aliyejua ni rota gani inayosumbua.

Mimi nilikwenda mapema, jua halijapanda, majani ya mwembe bado yanadondosha maji, kwa sababu nilitaka kuikuta ikiwa mgonjwa. Njia niliyotumia ni ya zamani na haina gharama. Unazima injini, unachomoa waya mmoja wa plagi, ncha yake unaishikiza kwenye chuma cha injini ili umeme upate pa kwenda (usiuache unaning'inia, unaweza kuua koili inayotoa umeme wa cheche, na ukiugusa utajuta), kisha unawasha na kusikiliza. Nikaondoa wa juu wa rota ya mbele: mabadiliko madogo sana. Nikaurudisha. Wa chini wa rota ya nyuma: injini ikatikisika vibaya, karibu izime. Vizuri, huyo alikuwa anafanya kazi. Wa chini wa rota ya mbele: hakuna kilichobadilika, hata kidogo. Usipohisi tofauti baada ya kuondoa kitu, basi kitu hicho hakikuwa kinafanya kazi tangu mwanzo.

Plagi ilikuwa mpya, kwa hiyo nikaufuata waya wake mpaka kwenye kofia ya distribyuta, inayogawa umeme kwa kila plagi. Nikashika kichwa cha mpira, nikakizungusha taratibu, kikatoka. Ndani ya tundu palijaa unga wa kijani, kama ule unaoganda kwenye ncha za betri iliyotupwa, na shaba ya mwisho wa waya ilikuwa imeliwa mpaka zimebaki nyuzi chache. Juu ya kofia, ukiangalia kwa tochi, kulikuwa na mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa penseli kutoka tundu hilo kwenda kwenye chuma. Huo ni mkondo wa umeme uliokuwa ukitoroka. Usiku kukiwa na unyevu, umeme unapita njia ya maji na chumvi badala ya kwenda kwenye plagi. Adhuhuri joto likikausha kofia, njia ile inafungwa na cheche inarudi. Ami alikuwa ameshasema yote kwenye simu.

Sisi watu wa visiwa tunatakiwa tulifikirie hili kabla ya jambo lolote jengine. Hewa yetu ina chumvi, Unguja na Pemba sawasawa, na gari ya kabureta ina viungo vingi vya shaba na chuma vilivyo wazi: ncha za waya, platini kwa zile za zamani zaidi, waya wa ethi unaotoka injini kwenda kwenye bodi. Kama misi yako inafuata mvua na umande, anzia kwenye umeme. Usiku wa giza fungua boneti, washa injini, mikono na nguo mbali na feni, kisha nyunyizia waya za plagi maji kwa chupa ya manyunyu, kidogo tu. Panapovuja utaona cheche za rangi ya buluu zikirukaruka juu ya mpira.

Misi ya mafuta ina tabia nyengine, haijali mvua. Jeti ikiziba, gari inakaa vizuri kwenye sailensa lakini ukiipandisha kilima cha Masingini inakosa pumzi na kurukaruka. Hewa ikiingia kwa njia ya wizi, kwenye mpira uliopasuka chini ya kabureta au bomba dogo lililochomoka, inakuwa kinyume: sailensa mbaya, mwendo mzuri. Kabureta ya 12A ina vioo vidogo vinavyoonesha kina cha petroli ndani. Petroli itulie kwenye kipimo cha kioo. Ikijaa mpaka juu, sindano ya boya haifungi, injini inazama kwenye mafuta na plagi zinatoka nyeusi, zimelowa. Tangi linalokaa miezi likiwa nusu nalo linatoa jasho ndani, na tone la maji likifika kwenye jeti ni misi tosha.

Milio ya baruti kwenye ekzosti unapoachia mafuta ghafla isikutishe haraka. Rotari hutupa petroli kidogo isiyoungua, ikafika kwenye bomba la moto ikawaka huko. Ikilia mara mojamoja, ni tabia yake. Ikilia hata ukiwa umekanyaga, angalia kama kuna aliyebadilisha waya wa juu kuwa wa chini, kosa la kawaida sana baada ya kutiwa plagi mpya.

Kompresheni ndiyo ya mwisho kupimwa na ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu dawa yake ni kufungua injini. Chomoa plagi za rota moja, kata umeme wa koili, zungusha kwa stata na usikilize tunduni: fu, fu, fu. Pumzi tatu, moja kwa kila uso. Zikiwa sawa na zenye nguvu, shukuru. Mbili zikiwa dhaifu na moja nzima, sili ya ncha (kizibo kilichoko kwenye pembe ya rota) imekufa, kwa kuwa kila ncha inazuia kati ya vyumba viwili. Moja peke yake ikiwa dhaifu, mara nyingi ni sili ya ubavuni. Zote tatu zikiwa hafifu, ni uchakavu wa jumla, au injini imezama petroli iliyoosha utando wa oili. Hili la kuzama linaletwa na kuiwasha ikiwa baridi, kuisogeza hatua mbili uani, na kuizima papo hapo. Iache ipate moto kwanza. Geji ya kawaida ya pistoni itakudanganya hapa, inashika pumzi kubwa ya zote tatu na kuificha mbovu. Kipimo cha kiwanda ni kisichopungua kilo 6 kwa sentimita ya mraba kwa mizunguko 250 kwa dakika, na tofauti baina ya vyumba isizidi kilo 1.5.

Tulimtilia ami kofia mpya ya distribyuta na waya nne, na kila kichwa cha mpira tukakipaka grisi ya silikoni kabla ya kukisukuma ndani. Kwa kuwa plagi zilikuwa nje, tukapima. Rota ya mbele nyuso zote tatu zilicheza karibu na kilo 7. Ya nyuma mbili zilikuwa 7, ya tatu 6 na nusu. Ami akaziandika kwa penseli kwenye ukuta wa ua, na tarehe chini yake, akanitaka nirudi masika yajayo tuipime ile ya tatu.