Mizizi ya mti haiko huko chini unakofikiria

Juzi nimeulizwa tena, na safari hii nimeona niandike kabisa ili anayefuata nimtumie linki. Dada mmoja ana nafasi mbele ya nyumba, anataka kivuli na anataka rangi, kwa hiyo amechagua mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, na boganvilia. Chaguo zuri, vyote viwili nimevipanda miaka mingi na navipenda. Ila anataka kuvipanda pamoja, boganvilia zizunguke shina la mti, na sababu aliyonipa ndo ile ile niliyoisikia hadi kwa watu wenye vitalu vyao: "si mti mizizi yake inaenda chini, ua mizizi yake iko juu juu, havitagombana."

Jamani. Vitagombana, tena mahali pamoja.

Ile picha tuliyochorewa darasani, mti juu una matawi na chini una mizizi inashuka vile vile kama umeuweka mbele ya kioo, imeharibu bustani nyingi sana. Chimba pembeni ya mti wowote mkubwa uone mwenyewe. Sehemu kubwa ya mizizi iko kwenye sentimita 60 za juu, na ile myembamba kama uzi, ambayo ndo inanyonya maji na chakula, mingi iko kwenye sentimita 30 za mwanzo, yaani pale pale boganvilia inapokula. Sababu haina uchawi. Mzizi unapumua, unataka oksijeni, na udongo kadiri unavyoshuka ndivyo unavyoshikana na hewa inapungua. Chakula nacho kiko juu, majani yanapoozea. Sasa mti uende chini kutafuta nini? Tena hiyo mizizi haikomei kivuli kinapokomea, inatambaa mara mbili hata mara tatu ya upana wa mwavuli wa mti, kwa hiyo ukiona boganvilia iko mita tatu kutoka shinani ukajisemea ipo mbali, haipo mbali.

Mkrismasi ndo kabisa. Huu mti wa asili ya Madagaska una mwavuli unaotanuka kuliko unavyorefuka, na mizizi yake minene unaiona kwa macho imejitokeza juu ya ardhi kama migongo ya mijusi mikubwa. Mtu anaiona, anaikanyaga, alafu bado ananiambia mizizi iko chini.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu wapo wenzangu wa kazi ambao kwa hasira ya kurekebisha hili kosa wanasema mti hauna mzizi wa chini kabisa, nao wanapotosha. Mbegu ikichipua inatuma mzizi mkuu chini kwanza, hilo ni kweli. Kwenye udongo wa kichanga, mkavu, ambao maji yako mbali, mti unaweza kushusha mizizi michache mita kadhaa na hiyo ndo inauokoa wakati wa ukame. Lakini ni michache. Na mche ulionunua kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche, ule mzizi mkuu mara nyingi ulishajikunja chini ya kiriba au ulishakatwa siku unahamishwa, basi mti unaendelea na mizizi ya pembeni. Kwa hiyo wa chini upo, ila haumwachii jirani nafasi ya juu. Naona hii ndo sehemu inayonichosha zaidi, maana mtu akisikia "mzizi mkuu upo" anachukua hilo neno moja anaondoka nalo.

Sasa angalia madhara yenyewe. Unamwagilia boganvilia kidogo kidogo kila jioni, maji yanalowesha juu tu. Mizizi ya mti inafuata maji, inakuja kwenye tuta la maua, inalijaza. Unaona maua yanadhoofu, unaongeza maji na samadi, ndo umeialika zaidi. Kisha unapalilia, jembe linakata mizizi ya mti, kila mwezi, kila mwezi. Kisha unaongeza udongo kwenye tuta ili maua yapate nafasi, udongo unafunika shingo ya mti, pale shina linapotanuka kuingia ardhini, gome linakaa na unyevu linaoza, na mizizi iliyokuwa inapumua sasa imezikwa. Mti hausemi kitu mwaka wa kwanza. Miaka kadhaa baadaye matawi ya juu yanaanza kukauka na mtu ananiita akidhani ni mdudu.

Na mwanga je? Boganvilia inataka jua kali, masaa sita kwenda juu, bila hapo utapata majani. Zile karatasi za zambarau na nyekundu tunazoziita maua ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni kale kafilimbi keupe katikati, na mmea hautoi hizo karatasi kama hauna jua la kutosha. Tena kwa asili yake ni mmea wa kuparamia. Ile miiba inausaidia kushikilia mimea mingine ili upande juani. Ukiupanda chini ya mkrismasi haukai pale ukakupambia shina, unapanda. Nimeshaona uwanja ambao chini kuna fimbo tupu zenye miiba na maua yote yako juu ya mti, mwenye nyumba hayaoni labda apande kwenye paa.

Swali zuri ambalo watu hawaniulizi ni hili: kinachoiua boganvilia chini ya mti ni kivuli au ni mizizi? Vitabu vya bustani vinajibu haraka, kivuli. Mimi sikubali haraka hivyo. Mwaka 1904 mwanamisitu mmoja Mjerumani, Fricke, alichimba mitaro kuzunguka miche ya misonobari iliyodumaa chini ya misonobari mikubwa, akakata mizizi ya ile mikubwa bila kugusa matawi. Mwanga ulibaki ule ule, ila ile miche ikaamka. Kumbe walioilaumu giza walikuwa wameisahau kiu. Nami nimewahi kufanya kama hivyo kwenye bustani, mtaro wa kina cha koleo kati ya mti na tuta la maua, na maua yalichangamka msimu mmoja, majani yakawa ya kijani kibichi, lakini boganvilia bado haikutoa rangi ya kueleweka, na msimu uliofuata mizizi ilikuwa imeshavuka mtaro. Kwa hiyo kwa mimea inayovumilia kivuli nasema tatizo ni mizizi, kwa boganvilia ni vyote viwili na nimeshindwa kuvitenganisha. Na usichimbe huo mtaro karibu na shina la mti wako, unakata mizizi inayoushika usianguke.

Halafu kuna suala la maji ambalo peke yake lingetosha. Mkrismasi mchanga unataka maji mengi kwa mara moja yazame, kisha uache siku kadhaa, hivyo hivyo kwa miaka miwili ya mwanzo. Boganvilia ikishashika inataka kubanwa, udongo ukauke kati ya umwagiliaji, kiu kidogo ndo kinaifanya ichanue. Ukiinywesha maji ya mti na ukaipa mbolea yenye naitrojeni nyingi inarefuka tu, majani mapana mazuri, rangi hamna. Sasa bomba moja utalifungua kwa ajili ya nani?

Kama una nafasi ya kitu kimoja, jiulize unataka nini. Unataka rangi mwaka huu huu, panda boganvilia, kipandikizi kinaweza kuchanua ndani ya mwaka wa kwanza, na ukikosea unaing'oa. Mkrismasi kutoka kwenye mbegu utausubiri miaka mitano au zaidi ndo uone ua, na kuna msimu wa kiangazi unapukutisha majani yote, kipindi ambacho labda ndo ulikitaka kivuli. Mti ukikosea kuupanda, kosa lako linakaa miaka thelathini na kuliondoa ni msumeno na kamba. Mbegu zake ngumu, loweka kwenye maji ya moto usiku mmoja, hilo halina hadithi.

Kuhusu nyumba, kwa kifupi: kama unataka mti upoze ukuta uweke upande wa magharibi, jua la mchana kwenda jioni ndo linachoma. Mkrismasi mimi siupandi chini ya mita nane kutoka ukutani, kwa sababu ya mwavuli na kwa sababu matawi yake hukatika kirahisi upepo ukivuma. Mizizi kusukuma msingi imara mpaka upasuke ni nadra kuliko watu wanavyoogopa. Inachoinua ni sakafu nyepesi za nje na vibaraza, na inaingia kwenye mabomba yaliyokuwa yanavuja tayari. Kwenye udongo wa mfinyanzi hofu ni nyingine, mti unanyonya maji, udongo unasinyaa, msingi unashuka. Hizo mita nane zenyewe siziamini kama sheria. Udongo wa kichanga naweza kusogea kidogo, mfinyanzi narudi nyuma sana, na kila kiwanja nachimba kwanza nione udongo kabla sijataja namba.

Chini ya mti weka vinavyokubali maisha ya chini ya mti, sansevieria kwa mfano, ule mmea wa majani marefu magumu yaliyosimama kama panga, au weka matandazo ya majani makavu na uache, ila yasiguse shina. Boganvilia iweke kwenye chungu juani, inapenda chungu, mizizi ikibanwa ndo inachanua vizuri.

Na wewe ambaye umeshavipanda pamoja, usijaribu kuihamisha boganvilia kubwa, mizizi yake ni myembamba na inavunjika ukiigusa. Kata vijiti vigumu vya unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, vichomeke kwenye udongo wenye mchanga, viweke pasipo na jua kali mpaka vichipue kisha vihamishie juani. Vikishashika vizuri ndo ukate ile ya zamani usawa wa ardhi, na ikichipua tena kata tena, lakini usiing'oe, maana mizizi yake imeshasukana na ya mti na utaondoka na yote.