Sauti Ndani ya Ziwa: Yanayosemwa Mwaloni na Ukweli Wake

"Maji hula sauti." Wanaosema hivi wana sababu: mtu akikuita kutoka nchi kavu nawe umezama, humsikii. Lakini sauti hiyo haikuliwa. Sauti ya hewani ikigota uso wa maji, karibu yote hurudi juu. Inayoanzia majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Piga mbizi pale Igombe, Mwanza, katika Ziwa Victoria, wakati mtumbwi wa injini unapita: utausikia vizuri, ila hutajua uko upande gani, kwa sababu mlio hufika masikio yote mawili karibu kwa wakati mmoja.

"Majini sauti hunyooka kama mshale." Hili huwapotosha hata waliosoma. Jua likiwaka, maji ya juu hupata joto kuliko ya chini, na kila nyuzi moja huongeza kasi ya sauti kwa karibu mita 3 kwa sekunde. Sauti hupindia kule inakokwenda polepole, yaani chini. Kwa hiyo mlio unaosikika vizuri asubuhi unaweza kupita chini ya msikilizaji yuleyule alasiri, asiupate kabisa. Tena matabaka hayo hayatulii. Upepo huyasukuma, yakapanda na kushuka kwa mawimbi ya ndani ambayo aliye mtumbwini hayaoni. Sauti ikipita humo hugawanyika njia nyingi. Zikikutana, mara huongezeana nguvu, mara hufutana. Ndiyo maana mlio uleule, kutoka palepale, hufika na nguvu sasa na baada ya muda mfupi ukafifia, kama nyota inavyometameta. Baharini safari ni ndefu zaidi: mwaka 1991 milio iliyotolewa karibu na Kisiwa cha Heard, kusini mwa Bahari ya Hindi, ilipokelewa hadi pwani za Marekani.

"Doa kubwa kwenye skrini ni sangara mkubwa." Husemwa hivyo juu ya chombo kinachotuma sauti majini na kuchora mwangwi unaorudi. Si lazima iwe hivyo. Sehemu kubwa ya mwangwi wa samaki hutoka kwenye bondo, kile kifuko kilicho ndani ya tumbo la samaki, lilelile linalogombewa na wanunuzi, kwa kuwa lina hewa. Mabuu ya wale wadudu wanaotanda juu ya ziwa kama moshi nayo yana vifuko vya hewa. Yakikusanyika huchora wingu zito. Watafiti wanaopima samaki wa ziwa hili kwa sauti hushusha nyavu pia, waone kwa macho kilichorudisha mwangwi.